Kaa alivyochekwa Majengo

Msomaji, ukipanda matatu ya Embu asubuhi kutoka Nairobi, utapita Thika na mashamba yake ya mananasi, utaiacha barabara ya Nyeri pale Makutano, kisha utateremkia tambarare ya Mwea. Hapo mpunga umetanda kulia na kushoto, na vibarua wameinama majini tangu alfajiri. Mashamba hayo yalianzishwa katika miaka ya 1950, na mifereji ya kwanza ilichimbwa kwa jasho la mahabusu wa wakati wa Mau Mau. Leo pishori ya Mwea huuzwa kila pembe ya Kenya. Ukumbuke mchele huo, maana una kazi katika masimulizi haya ambayo hata wakulima wenyewe hawakuifikiria.

Kutoka Wang'uru barabara hupanda polepole, joto hupungua, na ukishavuka mto Rupingazi umefika Embu, kiasi cha kilomita 120 kutoka Nairobi. Mji huu ulianza mwaka 1906 kama boma la Waingereza. Baadaye ukawa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, hadi mikoa ilipozipisha kaunti mwaka 2013. Mgeni akija huonyeshwa Mlima Kenya, tena aambiwe afanye haraka kuutazama kabla haujajitanda mawingu. Akishauona huambiwa hakuna zaidi. Mimi ningemwambia ashike njia aende Majengo.

Karibu kila mji wa zamani wa bara una Majengo yake. Nairobi iko, Meru iko, Nyeri pia. Boma la mkoloni lilipojengwa lilifuatwa na wapagazi, askari, wapishi, mafundi wa kushona na wachuuzi, wengi wao Waislamu wasemao Kiswahili, ambao hawakuwa na ukoo wala shamba mahali pale. Wakajenga karibu na mji, wakaoana na wenyeji, wakazaana. Ndiyo sababu ukimwuliza mtoto wa Majengo kabila lake, huenda chai ikapoa kabla hajamaliza kukujibu. Babu yetu mzaa baba alitoka pwani, mkewe alikuwa Mkamba, na mama yetu ni Mwembu wa Kigari aliyesilimu alipoolewa. Nduguze mama ni Waanglikana mpaka leo. Katika nyumba yetu Idd na Krismasi hupikwa kwa sufuria ile ile.

Nyumba yenyewe ni ile ya kizamani: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma, na mbele baraza ambapo baba ameweka cherehani yake kwa zaidi ya miaka 40. Hushona kanzu na sare za shule. Upande wa pili wa baraza dadake, shangazi yetu, hukaanga viazi karai na mahamri. Kwa mama huyu ni wifi, na wifi ni mtani. Tangu tupate akili hatujawahi kuwasikia wakisalimiana bila kutukanana kwanza.

Ni katika nyumba hiyo saratani ilibisha hodi mwezi wa Novemba 2023.

Neno lenyewe lilikuwa halitajwi Majengo. Watu husema "ugonjwa ule", au "ule mbaya", au huinua nyusi tu na kunyamaza. Mama alikuwa amegusa uvimbe katika titi la kushoto miezi kadha kabla, akaufunika kwa leso na kuendelea na kazi zake. Si kwamba hakujua. Alisema baadaye kwamba aliona haya kumwonyesha daktari kijana wa kiume, na tena aliogopa kwamba akilitaja jina, jina lingeitika. Katika haya na hofu hiyo hayuko peke yake. Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, yalionyesha kwamba mwaka 2020 Wakenya zaidi ya 42,000 walipatikana na saratani na zaidi ya 27,000 wakafariki kwayo. Ile ya matiti ndiyo iliyoongoza kwa idadi ya wagonjwa wapya. Madaktari wamepiga kelele mwaka baada ya mwaka kwamba wengi huja hospitalini wakiwa wamechelewa, ilhali uvimbe mdogo ukigunduliwa mapema hutibika.

Aliyelivunja lile jina ni mama mwenyewe. Siku majibu yalipotoka aliita kila mtu ukumbini, kuanzia baba hadi wajukuu, akasema, "Daktari ameniambia nina saratani. Mtu asije akaniambia nina homa." Kimya kikatanda. Ndipo kaka yangu mdogo, ambaye ni mwalimu na hawezi kuuona mwanya wa kufundisha akaupita, akaeleza kwamba saratani kwa Kiarabu maana yake ni kaa, yule mdudu wa baharini aendaye upande, na kwamba Wagiriki na Warumi wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa. Shangazi akamkata kauli: "Kaa? Hapa Embu? Amepandaje mlima huo wote bila nauli?" Mama akasema, "Labda amekuja kukaa." Baba alicheka mpaka akavua miwani akaifuta, na sote tulijua machozi yale hayakuwa ya kicheko pekee.

Tangu siku hiyo ugonjwa ukaitwa Kaa. Wajukuu walimwuliza nyanya yao, "Kaa ameamkaje leo?" Naye alijibu kulingana na usiku ulivyokuwa. Jirani akipita baraza akasema "Pole kwa ugonjwa ule," shangazi humsahihisha bila kuinua macho kwenye karai: "Ana jina."

Upasuaji ulifanywa Januari 2024. Titi lilikatwa lote. Kisha ikafuata tibakemikali, dripu moja kila baada ya majuma matatu. Zamani mtu wa Embu au Meru aliyehitaji dripu hizo ilimpasa kusafiri hadi Nairobi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2010 vituo vya tiba hiyo vilifunguliwa katika hospitali kadha za kaunti, Embu na Meru zikiwamo, na mama aliweza kutoka nyumbani baada ya chai na kurudi kabla ya magharibi. Asiyewahi kuuguza hajui jambo hilo lina uzito gani. Mgonjwa anayetapika hatakikani garini kwa saa tatu.

Moja ya dawa hizo huitwa doksorubisini, nayo ni nyekundu kama sharubati. Wauguzi humwonya mgonjwa mapema kwamba kwa siku moja au mbili atapata haja ndogo nyekundu, asije akadhani ni damu. Mjukuu wa miaka sita alisikia onyo hilo likijadiliwa. Basi akatoka mbio hadi baraza na kuwatangazia wateja wote wa viazi karai: "Nyanya anakojoa nyanya!" Habari ilifika msikitini kabla ya adhuhuri. Mama alipoambiwa alisema afadhali, maana sasa hatalazimika kumweleza kila mgeni.

Nywele zilianza kung'oka baada ya dripu ya pili. Akaomba aitiwe kinyozi wa mtaani. Kijana huyo alikuja na vifaa vyake, akamnyoa polepole uani, mlango umefungwa, na alipomaliza akakataa malipo kamili. "Nusu ya kazi ameifanya daktari," alisema. Baba, ambaye upara wake ni wa miaka mingi, alisimama kando yake mbele ya kioo akasema kwamba hatimaye wamefanana kama watu waliooana. Chini ya ushungi hakuna aliyejua, ila sisi.

Hapa ni lazima niseme kitu kuhusu wageni. Kumjulia hali mgonjwa ni ibada, na Majengo hawaichezei. Walikuja na maziwa, na ndizi, na maji ya zamzam katika chupa ndogo, na habasoda. Akina mama wa mtaa walisoma Yasini kila Alhamisi usiku. Mjomba alishuka kutoka Kigari na nduma na majani chai, akapiga magoti ukumbini na kusali sala ndefu mno, macho amefumba, hata alipoyafumbua akakuta wanaume wamekwisha kwenda msikitini kuswali isha na kurudi. Mama aliitikia amina zote, za huku na za huko. "Mimi sichagui," alisema. "Anayesikiliza ni mmoja."

Lakini wako wageni wa aina nyingine, na kila nyumba ya mgonjwa inawajua. Huingia kwa kunyata, huketi ukingoni mwa kiti, hutikisa kichwa, kisha huanza: "Hata mke wa binamu yangu aliugua hivyo hivyo. Akakonda, akakonda..." Wa namna hiyo walikuwa na dawa yao. Shangazi angewaletea chai ya moto kupita kiasi ili wasizungumze. Na mzaha pia ulikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeiandika. Mgonjwa mwenyewe angeweza kuanza, na watani wake, yaani wifi na wajukuu. Bwana mmoja kutoka mjini, asiye mtani wa mtu, alijaribu kuchekesha kuhusu titi lililokatwa. Hakuna aliyemjibu. Cherehani ya baba ilinyamaza, karai likachemka peke yake, na yule bwana akakumbuka kwamba ana shughuli.

Ramadhani ilianza Machi mwaka huo, dripu zikiendelea. Mama hakuwahi kuacha kufunga tangu asilimu, ila kwa ruhusa ya uzazi. Mwanzoni alikataa katakata kula mchana. Daktari alisema asifunge, watoto tukasema asifunge, akatuangalia kama watu wasio na dini. Mpaka imamu alipokuja mwenyewe, akaketi barazani na kumweleza kwa upole kwamba mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake, na kuikataa zawadi ya mwenye kutoa si adabu. Mama alilia. Yale maumivu ya dripu hayakuwa yamemliza mbele yetu, lakini uji wa saa nne asubuhi wa Ramadhani ulimliza. Shangazi naye, akiwa amefunga, ndiye aliyeupika na kuuleta. "Miaka 30 umeniamsha daku kwa kelele," alimwambia. "Sasa kunywa nikutazame nipate thawabu mbili." Fidia ya siku zile ilitolewa kwa kulisha maskini kwa kila siku, na baba aliipeleka mwenyewe kwa mikono yake.

Baada ya dripu ya tatu mambo yalibadilika. Mdomo ulijaa vidonda, hakuna kilichopita kooni, na usiku mmoja mama akasema basi. "Nimechoka. Niacheni na Mola wangu."

Wakati huo huo jamaa mmoja alikuwa ameleta habari za mganga wa mizizi mahali fulani, mtu aliyeahidi kumaliza ugonjwa kwa mwezi mmoja, mradi mgonjwa aache dawa za hospitali na familia itoe fedha za kutosha kununua ng'ombe wawili. Nyumba iligawanyika. Wengine walisema kujaribu si dhambi. Mjomba alisema ni upuzi. Baba hakusema neno, akakanyaga cherehani mpaka usiku wa manane akishona sare ambazo hakuna aliyeziagiza.

Msomaji anayekumbuka mwaka 2011 anajua vishawishi hivi vina nguvu gani. Mwaka huo maelfu ya watu, Wakenya wengi wakiwamo, walifunga safari hadi kijiji cha Samunge huko Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500 za Tanzania. Foleni za magari zilienda kilomita nyingi. Watu wenye kisukari, ukimwi na saratani waliambiwa wamepona, na wako walioacha vidonge vyao wakazikwa baadaye. Mchungaji mwenyewe alifariki mwaka 2021. Sidhani kwamba waliokwenda walikuwa wajinga. Walikuwa wamechoka, kama mama usiku ule.

Asubuhi shangazi aliingia chumbani. Alikuwa ameambiwa kila kitu. Akaketi kitandani, akaushika mkono wa mama, akasema kwa sauti ya chini, "Dada yangu, Mungu akupe subira." Basi. Hakuna tusi, hakuna mzaha.

Mama alifumbua macho akamtazama kwa muda. "Umeniitaje?"

"Dada."

"Ewe Mola," mama akasema, "kumbe nimekwisha kweli! Hata huyu ameniheshimu!"

Shangazi alijaribu kujizuia asiweze. Akamwita jina ambalo siwezi kulichapisha katika gazeti la familia, mama akamrudishia jingine, na tuliokuwa ukumbini tukasikia vicheko viwili vya wanawake wazima vikipaa mpaka kwenye mabati. Kisha mama akaomba uji. Siku ya dripu ya nne alivaa baibui mapema kuliko sote. Yule jamaa wa mganga alipokuja kuchukua jibu, mama alimwambia kikombe ameshakipata, tena chekundu, na hana nafasi ya cha pili. Aliongeza kwamba Nabii Ayubu hakuwauzia ng'ombe wake waganga.

Sasa turudi kwa ule mchele. Kidonda cha upasuaji kilipopona, mama aliona aibu kutoka kwa sababu nguo zilimkaa upande. Yale matiti ya bandia yanayouzwa yalikuwa ghali. Baba hakumwuliza mtu. Alichukua kitambaa laini cha pamba, akakata, akashona kifuko cha mviringo na kukijaza pamba. Kilikuwa chepesi mno, kikapanda mpaka karibu na shingo. Akakifumua. Mara ya pili alitia pishori ya Mwea katikati, pamba pembeni, na kukipeleka kwa mwenye duka kukipima kwenye mizani, gramu kwa gramu, bila kumwambia ni nini. Mwenye duka alidhani ni biashara mpya ya kuuza mchele kwa rejareja.

Kilikaa sawasawa. Mama alitembea ukumbini kwenda na kurudi, akajitazama, akasema, "Fundi, hii umeipima kwa mizani au kwa kumbukumbu?" Baba alitoka nje haraka, akijifanya kuna mteja. Kuanzia hapo wali ukipungua sufuriani wakati wa chakula cha jioni, macho yote humgeukia mama, naye hufunga kanga vizuri na kusema hiyo ni akiba ya vita.

Agosti ilifika zamu ya mionzi, ambayo Majengo huiita "kuchomwa". Kwa hiyo ilibidi kwenda Nairobi. Vikao vilikuwa 15, Jumatatu hadi Ijumaa kwa majuma matatu, na kila kimoja huchukua dakika chache tu juu ya meza ngumu. Kazi kubwa ni kupata pa kulala. Wagonjwa wengi wa mikoani hushindwa hapo hapo, si kwa mionzi bali kwa kitanda. Mama alifikia kwa jamaa wa Majengo ya Pumwani, mtaa ambao unaushinda huu wetu kwa kelele, na ndani ya siku mbili alikuwa amepata majirani, Yasini ya Alhamisi, na mtu wa kumtania. Alisema ni Majengo ile ile, ila wamesahau kuweka mlima. Dada zangu wawili walipokezana kumsindikiza, na ni katika safari hizo walipoingia nao chumba cha uchunguzi. Binti ambaye mamake ameugua saratani ya matiti ana hatari iliyo karibu mara mbili ya wengine, kwa hiyo hawa sasa huenda kila mwaka. Mmoja alitaka kuahirisha. Mama alimwuliza kama naye anangoja leso iote mizizi.

Oktoba mwaka huo bima ya NHIF iliondoka ikaja SHA, na baba alijiandikisha yeye na mama mapema, simu mkononi na miwani puani. Tangu hapo mama humeza kidonge kimoja kila siku, na atakimeza kwa miaka mitano. Hukimeza baada ya swala ya alfajiri ili asisahau. Kila baada ya miezi kadha hurudi kwa daktari, na usiku wa kuamkia siku hiyo nyumba nzima huwa haina usingizi, hata cherehani. Hakuna anayejidai kwamba Kaa amehama moja kwa moja. Tunajua tu kwamba mara za karibuni daktari hajamwona.

Baba ameshona vifuko vingine vitatu, kimoja cha hariri kwa ajili ya Idd. Mchele lazima ubadilishwe, maana nafaka ni nafaka. Nilipokuwa nyumbani mara ya mwisho mama alikuwa uani, amekifumua kifuko cha kila siku na kuumwaga mchele kwenye ungo, akiupepeta juani. Akasimama ghafla, akainua kidole. Juu yake palikuwa na fukusi mmoja mdogo mweusi.

"Wifi," aliita, "njoo uone. Huyu nimemkamata mapema."

Akampungia kuku, naye kuku akaja mbio.